PostgreSQL 13: pg_wal imekula diski, na nataka kuhamia 18 kwa dakika 30

stoo_ya_data

Wakuu, habari za kazi. Naombeni ushauri kabla sijaharibu kitu.

Seva ni PostgreSQL 13.11 juu ya Ubuntu 18.04, locale en_US.UTF-8. Databesi ya mauzo na stoo ina GB 380. Diski ni GB 700, ext4, imefika asilimia 91 na inapanda kila siku. Nimepima folda ya `pg_wal` (inapokaa WAL, kumbukumbu ya kila badiliko la data), ina GB 212, wakati `max_wal_size` imeachwa GB 1 kama ilivyokuja. Replika yetu imezimwa wiki tatu sasa na haitarudi, mashine yake imekufa.

1. Je, naweza kufuta mafaili ya zamani ndani ya `pg_wal` kwa `rm`? Ya wiki tatu nyuma nayaona kabisa kwa tarehe.
2. Toleo la 13 limeshafikia mwisho wa huduma. Mashine mpya ipo, Ubuntu 24.04, nataka niweke 18. Nitumie pg_dump (kutoa data na kuipakia upya), pg_upgrade (kugeuza folda ya data ilivyo) au replikesheni (kunakili mabadiliko yakiendelea)? Muda niliopewa wa kuzima mfumo ni dakika 30, kuanzia saa nane usiku.

---

mlinzi_wa_wal

Mkuu, `rm` weka pembeni kabisa. Tarehe ya faili haikwambii lolote, kwa sababu Postgres huyapa mafaili ya WAL majina mapya na kuyatumia tena. Ukifuta lile linalobeba chekipointi ya mwisho (mahali seva inapoanzia kujirejesha), siku seva ikianguka haitawaka: itasema `could not locate a valid checkpoint record`, na utabaki na `pg_resetwal`, ambayo huiwasha seva bila kukuhakikishia kwamba data iliyomo inapatana.

WAL hairundikani bila sababu, kuna kitu kimeishikilia. Kwanza angalia sloti za replikesheni, zile alama zinazoiambia Postgres itunze WAL mpaka msomaji wake aichukue:

```
SELECT slot_name, slot_type, active, wal_status,
       pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) AS inashikilia
FROM pg_replication_slots;
```

Kisha uhifadhi wa WAL (archiving, kunakili mafaili yake kwenda nje):

```
SELECT failed_count, last_failed_wal, last_failed_time FROM pg_stat_archiver;
```

Kama `archive_command` inashindwa, kila faili hubaki na alama ya `.ready` ndani ya `pg_wal/archive_status` na halifutwi hata kama huna sloti yoyote. Tazama pia `wal_keep_size`, kuna watu huiweka kubwa halafu wakaisahau.

Wakati unasoma hayo, jipe nafasi ya kupumua. Ext4 humwekea root asilimia 5 ya diski, na Postgres haiendeshwi na root, kwa hiyo kama GB 35 zako hazitumiki na mtu. `sudo tune2fs -m 1` ikifuatiwa na jina la kizigeu chako hurudisha sehemu kubwa ya hizo papo hapo, bila kuzima chochote. Usingoje ijae. Diski ya WAL ikijaa kabisa seva hujiangusha kwa PANIC, na kila ukijaribu kuiwasha itahitaji nafasi ambayo haipo.

---

stoo_ya_data

Shukrani mkuu. `failed_count` ni 0. Sloti ziko mbili, ya pili hata sikujua ipo:

```
 slot_name  | slot_type | active | wal_status | inashikilia
------------+-----------+--------+------------+-------------
 replika_1  | physical  | f      | extended   | 88 GB
 ripoti_cdc | logical   | f      | extended   | 211 GB
```

Nafuta replika_1 kwanza?

---

mlinzi_wa_wal

Ukifuta `replika_1` peke yake hutapata hata MB moja. Postgres hutunza WAL kuanzia sloti iliyo nyuma kuliko zote, na iliyo nyuma ni `ripoti_cdc`. Hizo GB 88 zimo ndani ya zile 211.

Hiyo ya logical imeachwa na chombo fulani cha kusafirisha mabadiliko kwenda kwenye ripoti. Uliza timu ya ripoti kwanza: ukiifuta, chombo chao kikirudi kitalazimika kunakili data yote upya. Wakikubali:

```
SELECT pg_drop_replication_slot('ripoti_cdc');
SELECT pg_drop_replication_slot('replika_1');
CHECKPOINT;
```

Mafaili huondolewa wakati wa chekipointi, si pale sloti inapofutwa. Ni mafaili kama 13,500 ya MB 16 kila moja, kwa hiyo usishtuke `CHECKPOINT` ikichukua muda. Fanya saa ambayo mauzo yametulia.

Sloti ya logical ina madhara mengine ambayo wengi hawayaoni. Hushikilia `catalog_xmin` (alama ya muamala wa zamani ambao sloti bado inauhitaji), na VACUUM, kisafishaji cha safu zilizokufa, haiwezi kusafisha majedwali ya mfumo kama `pg_attribute` na `pg_class`. Kama programu yenu hutengeneza majedwali ya muda kwa kila ripoti, hayo yamevimba. Ila kwa vile unahamia mashine mpya, usipoteze usiku kwa `VACUUM FULL`, huko majedwali ya mfumo yataanza mapya.

Sasa kinga. Toleo la 13 ndilo lililoleta `max_slot_wal_keep_size`. Chaguo-msingi ni -1, maana yake sloti ina ruhusa ya kula diski yote. Weka kikomo, inatosha kupakia upya mipangilio bila kuwasha seva upya:

```
ALTER SYSTEM SET max_slot_wal_keep_size = '60GB';
SELECT pg_reload_conf();
```

Sloti ikivuka kikomo huwa `lost`, na replika yake lazima ijengwe upya, isipokuwa kama una hifadhi ya WAL inayoweza kuisoma kwa `restore_command`. Kwangu mimi replika iliyokufa ni nafuu kuliko seva kuu iliyokufa. Kwenye 18 kuna pia `idle_replication_slot_timeout`, ambayo hubatilisha sloti iliyokaa bila mtumiaji kwa muda utakaoweka. Hiyo ingekuokoa wiki tatu zilizopita.

---

ng_ombe_wa_maziwa

Nachangia swali la pili. Kwenye maelezo yako kilichonishtua ni Ubuntu 18.04 kwenda 24.04, kuliko hata 13 kwenda 18.

Locale yako ni ya libc, maana yake Postgres haipangi maneno yenyewe, huiuliza glibc, maktaba ya C ya mfumo. Ubuntu 18.04 ina glibc 2.27. Toleo la 2.28 lilibadilisha upangaji wa herufi kwa kiasi kikubwa, na 24.04 ina 2.39. Jaribu hii kwenye mashine zote mbili:

```
printf "Ngano\nNg'ombe\n" | LC_ALL=en_US.UTF-8 sort
```

Kwenye 18.04 alama ya ng' hurukwa kwanza, kwa hiyo Ngano hutangulia. Kwenye 24.04 alama hiyo inahesabiwa, na Ng'ombe ndiyo inayotangulia. Indeksi ya B-tree iliyojengwa kwa mpangilio wa kwanza ikitafutwa kwa mpangilio wa pili, utafutaji hugeuka kushoto pale ambapo ungepaswa kugeuka kulia, na jibu ni "hakuna". Safu ipo, ila `WHERE jina = 'Ng''ombe'` haiioni. Kwenye indeksi ya pekee (unique, isiyoruhusu marudio) ni balaa zaidi: mfumo haumwoni mteja aliyepo, unamwandika mara ya pili, na `REINDEX` ya baadaye inakataa kwa sababu ya marudio. Namba za bidhaa zenye deshi nazo zimo humo humo.

Kwa hiyo:

pg_upgrade kwa kunakili folda ya data kwenda 24.04 inawezekana, lakini indeksi zote za maandishi lazima zijengwe upya kabla ya mtu yeyote kuandika. Kwa GB 380 na dakika 30, sioni ikitosha. Kosa hilo hilo lipo kwa anayejenga replika ya kawaida ya 13 kwenye 24.04 akidhani atahama polepole. Itawaka vizuri, itasoma vizuri, na majibu yatakuwa na mapengo.

pg_dump na pg_restore ni salama kwa sababu indeksi hujengwa upya huko huko mashine mpya, ila ukubwa huo hautaisha kwa nusu saa hata ukitumia `-j 8`.

Inabaki replikesheni ya kimantiki. Data husafiri safu kwa safu, indeksi hujengwa kwa glibc mpya, na muda wa kuzima ni ule wa kubadilisha tu. Na una bahati moja: sloti ya logical isingekuwepo bila `wal_level = logical`, maana yake hiyo tayari iko sawa na huhitaji kuwasha seva ya zamani upya.

Kabla hujaandika `CREATE PUBLICATION` (tangazo la majedwali yatakayosafirishwa), tafuta majedwali yasiyo na ufunguo mkuu:

```
SELECT c.oid::regclass FROM pg_class c
WHERE c.relkind = 'r'
  AND c.relnamespace NOT IN ('pg_catalog'::regnamespace,
                             'information_schema'::regnamespace)
  AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM pg_index i
                  WHERE i.indrelid = c.oid AND i.indisprimary);
```

Ukitangaza `FOR ALL TABLES` huku jedwali la namna hiyo lipo, dakika hiyo hiyo kila UPDATE na DELETE juu yake itakataliwa kwenye seva yako ya kazi: `cannot update table ... because it does not have a replica identity and publishes updates`. INSERT hupita, na ndiyo maana kosa linaweza kuchelewa kuonekana. Dawa ni kuongeza ufunguo mkuu, au `REPLICA IDENTITY USING INDEX` kama kuna indeksi ya pekee yenye safuwima zisizokubali NULL. `REPLICA IDENTITY FULL` iwe ya mwisho. Inaongeza WAL, na upande wa pili kila safu hutafutwa kwa thamani zake zote.

Halafu, kwa kifupi:

```
-- mashine mpya, ukitumia zana za 18
pg_dumpall -h zamani --globals-only > watumiaji.sql
pg_dump -h zamani --schema-only duka > muundo.sql

-- seva ya zamani
CREATE PUBLICATION hama FOR ALL TABLES;

-- seva mpya
CREATE SUBSCRIPTION hamia
  CONNECTION 'host=zamani dbname=duka user=mhamishaji'
  PUBLICATION hama;
```

Kila databesi inahitaji usajili (subscription) wake. Ikiwa `CREATE SUBSCRIPTION` imeganda, tafuta kwenye seva ya zamani muamala uliofunguliwa ukaachwa, ule wa `idle in transaction`. Kutengeneza sloti husubiri miamala iliyokuwa inaendelea iishe, na muamala mmoja uliosahaulika unaweza kukuweka hapo mpaka asubuhi.

Jedwali moja halikatwi vipande. `max_sync_workers_per_subscription` ni 2, na ukiiongeza unasaidia majedwali mengi madogo, si lile moja la GB 200. Fuatilia kwa `pg_subscription_rel`: herufi `d` ni kunakili, `r` ni tayari.

---

mlinzi_wa_wal

Naongezea hapo hapo kabla hajaanza. Wakati jedwali kubwa linanakiliwa, sloti yake inashikilia WAL ya muda wote huo. Kikomo nilichokwambia cha GB 60 kipandishe kwa siku hizo, la sivyo kitakukatia sloti katikati ya kazi. Baadaye kirudishe. Na ukiacha jaribio njiani, hakikisha sloti zenye majina ya `pg_..._sync_...` hazijabaki seva ya zamani, maana ni ugonjwa ule ule uliokuleta hapa.

---

kikokotoo17

Kwa saa nane usiku, vitu viwili ndivyo vinavyoangusha watu, na vyote havimo kwenye data.

Cha kwanza ni nywila. Kwenye 13 `password_encryption` ilikuja ikiwa md5 (namna ya zamani ya kuficha nywila), na `pg_dumpall` hubeba nywila kama zilivyohifadhiwa. Klasta mpya ya 18 kwenye Ubuntu huja na `scram-sha-256` ndani ya `pg_hba.conf`, kwa hiyo mtumiaji mwenye nywila ya md5 atakataliwa hata akiandika nywila sahihi. Angalia mapema kwenye seva ya zamani:

```
SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';
```

Weka `md5` kwenye `pg_hba.conf` kwa muda, kwa kuwa njia hiyo hupokea aina zote mbili, kisha badilisha nywila moja moja kwa `\password`. Usikawie, 18 imeshatangaza kwamba md5 iko njiani kuondolewa.

Cha pili ni sikwensi, vile vihesabio vya namba za id. Replikesheni hii haizibebi. Data itakuwa imefika hadi risiti namba 4,812,330, na kihesabio bado kiko 1. Mauzo ya kwanza tu: `duplicate key`. Mfumo ukishasimama, endesha hii seva ya zamani na matokeo yake uyapeleke mpya:

```
SELECT format('SELECT setval(%L, %s);',
       quote_ident(schemaname)||'.'||quote_ident(sequencename),
       last_value + 1000)
FROM pg_sequences WHERE last_value IS NOT NULL;
```

Mabadiliko ya muundo nayo hayasafiri, kwa hiyo wazuie wasanidi wasiguse jedwali lolote mpaka umalize. Jedwali jipya upande wa zamani halitatokea upande wa pili lenyewe.

Mpangilio wa usiku: mchana ule ule endesha `vacuumdb --all --analyze-in-stages` kwenye seva mpya. Sifa ya 18 ya kubeba takwimu za mpangaji ni ya pg_upgrade, wewe hupiti njia hiyo. Saa nane simamisha programu, au kama mna PgBouncer (mgawa miunganisho kati ya programu na seva) tumia `PAUSE`. Soma `pg_current_wal_lsn()` seva ya zamani na usubiri `replay_lsn` kwenye `pg_stat_replication` iifikie. Hamisha sikwensi. `DROP SUBSCRIPTION` upande mpya, ambayo inafuta na sloti ya zamani. Badilisha anwani kwenye `pgbouncer.ini`, `RELOAD`, `RESUME`. Kama maandalizi yapo, hizo ni dakika kumi.

Ukitaka njia ya kurudi, kabla hujafungua mlango tengeneza publication kwenye 18 na usajili kwenye 13 wenye `copy_data = false`. Mauzo mapya yataendelea kuandikwa na huko nyuma pia, na kesho asubuhi kukiwa na shida unarudi bila kupoteza risiti.

Lingine dogo: kama hati zenu za bekapu zinaita `pg_start_backup`, zitafia hapo. Tangu 15 jina ni `pg_backup_start`, na ile namna ya zamani ya bekapu (exclusive, moja tu kwa wakati) imeondolewa.

---

bandari_ndogo

Mimi ningesema aende 17, si 18. Toleo jipya acha wengine wakanyage miiba kwanza.

---

kikokotoo17

18 ilitoka 25 Septemba 2025 na imeshapata matoleo madogo ya marekebisho. Kila toleo kubwa huhudumiwa miaka mitano, kwa hiyo akichagua 17 anajinyima mwaka mmoja bila faida. Kitu cha kuamua hapo ni viongezo: kama anatumia PostGIS, TimescaleDB au kingine, ahakikishe kipo kwa ajili ya 18 kabla ya yote.

Hofu yako ina msingi, ila naiona zaidi kwenye matoleo madogo. Tarehe 14 Novemba 2024 ilitoka 17.1 pamoja na wenzake, na mabadiliko ya muundo mmoja wa ndani yakagonga viongezo vilivyokuwa vimejengwa kwa toleo la nyuma, TimescaleDB kikiwemo. Wiki moja baadaye, 21 Novemba, ikaja 17.2. Februari 2025 tena: 17.3 tarehe 13, 17.4 tarehe 20. Matoleo haya huja kwa ratiba, Alhamisi ya pili ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Yaweke kwenye seva ya majaribio siku hiyo, na seva ya kazi baada ya siku chache kama hakuna tundu la usalama linalokuhusu moja kwa moja. Lakini kukaa 13.11 wakati mstari wa 13 ulifika hadi 13.23 mnamo Novemba 2025, huko si kusubiri tena.

Na usitegemee muujiza kutoka kwa ule usomaji mpya wa diski wa 18. `io_method` huja ikiwa `worker` na wafanyakazi watatu, na unasaidia kusoma: kupitia jedwali zima, bitmap, VACUUM. Kuandika bado ni kama zamani. Ripoti za mwezi utaziona zikichangamka, kuuza kaunta huenda usione tofauti.

---

bandari_ndogo

Sawa, hapo umeniweka. Na anayetumia Docker?

---

ng_ombe_wa_maziwa

Mambo mawili. Picha rasmi ya `postgres:18` imehamisha data kwenda `/var/lib/postgresql/18/docker`, kwa hiyo diski unganisha kwenye `/var/lib/postgresql`, si `/var/lib/postgresql/data` kama tulivyozoea. Pili, usiruke kutoka picha ya Debian kwenda ya Alpine juu ya data ile ile. Alpine inatumia musl, si glibc, na kisa cha Ngano na Ng'ombe kinajirudia.

---

stoo_ya_data

Timu ya ripoti wamekubali. Sloti zote mbili nimefuta, `CHECKPOINT` imemaliza, `pg_wal` sasa ni GB 1.1. Majedwali yasiyo na ufunguo mkuu ni manne, matatu ni ya logi yanayoingizwa tu. La nne, `bei_za_muda`, lina UPDATE na halina indeksi yoyote ya pekee. Lina safu 900 hivi.

---

ng_ombe_wa_maziwa

Safu 900 weka `REPLICA IDENTITY FULL`, hutaisikia. Hayo matatu ya logi hakikisha hakuna kazi ya usiku inayofuta rekodi za zamani. DELETE ya saa saba usiku itakataliwa kama UPDATE.